Nilisema Kazi Yangu ni Mifugo

Naandika haya nikiwa nimeketi, maana nikisimama sana pumzi hunitoroka. Siku hizi naweza kutoka nyumbani hadi msikitini nikipumzika mara moja tu njiani, kwenye baraza la muuza mafuta ya taa, ambaye amezoea kunitolea kigoda kabla sijamsalimu. Mwaka uliopita nisingefika hata nje ya ua. Ule ubaya wenyewe umepita, alhamdulillahi, na kama yuko mtu anayekohoa kama nilivyokohoa mimi, huenda maneno haya yakamfaa.

Nimechagua Kiswahili kwa sababu tuliokula vumbi lile tulikuwa Wasomali, Wakamba, Wapokomo na Waborana, na lugha yetu pale kwenye mashine ilikuwa hii. Kiswahili changu cha mdomo kina vichekesho vyake. Watoto wa mjini hufurahi sana nikisema "bole bole". Cha kalamu nilikipata kwa viboko vya mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Mungu amrehemu, na hakikunitoka tena.

Sitaki kujifanya shujaa wa ugonjwa. Kilichonitawala tangu mwanzo hadi karibu na mwisho hakikuwa maumivu, ilikuwa aibu. Maumivu niliyazoea. Aibu sikuizoea hata siku moja, na nusura imharibie maisha binti yangu.

Mimi ni mtoto wa ngamia. Nilikua nikinywa maziwa yao upande wa Modogashe, na nilipomwoa Halima nilikuwa na ngamia, ng'ombe na mbuzi wa kutosha kumfanya mtu ajisikie mtu. Ukame wa mwanzo wa miaka ya tisini ukatufagia. Tuliingia Garissa na punda mmoja, tukajenga kibanda cha fito na magunia katika bula moja, mtaa wa vibanda pembeni mwa mji, pamoja na wengine waliofagiwa kama sisi. Sasa, kwetu mtu aliyepoteza wanyama hasemi kwamba amepoteza. Akiulizwa habari za mifugo hujibu kuwa iko mbali, inatafuta malisho, na muulizaji huitikia kwa adabu ilhali naye yake iko mbali vilevile. Bula nzima ilikuwa na mifugo iliyoko mbali.

Nje ya mji mwenye kandarasi ya barabara alikuwa ameweka kresha, mashine ya kuvunja mawe kuwa kokoto, na alitaka watu. Lazima niseme wazi jambo ambalo wageni hawalijui. Katika ukoo kama wangu, kupiga nyundo au kuvunja mawe kwa ujira, hata kwa mashine, ni kazi ya watu tuliolelewa kuwadharau, watu ambao hatuwaozi wala hatuoi kwao. Ni ujinga na ni dhambi, najua, lakini niliunyonya pamoja na maziwa. Kwa hiyo nilipoanza kazi kwenye kresha nilimwambia kila mtu kwamba nimekuwa dalali kwenye soko la mifugo. Asubuhi nilitoka na kikoi safi na bakora mkononi, kama dalali kweli, nikaenda kuviacha kwenye kibanda cha Musyoka, Mkamba tuliyekuwa tukifanya kazi pamoja, nikavaa matambara. Jioni nilipitia mto Tana nikajisugua mpaka ngozi ikauma.

Musyoka alinicheka. "Wewe Abdullahi ni kama bibi harusi," aliniambia. "Kila siku kuoga, kila siku kubadilisha nguo. Sisi wengine tunaenda nyumbani na unga wetu."

Unga ndilo jina tulilolipa lile vumbi. Jiwe la pale lilikuwa gumu, lenye chembe za kung'aa, na mashine ilipolitafuna ilitoa wingu jeupe lililoingia hata ndani ya viatu. Mimi niliwekwa chini kwenye chekeche, pale unga mlaini unapoangukia, kwa kuwa nilikuwa mrefu na mikono yangu ilifika. Musyoka alinifundisha kufunga puani na mdomoni kitambaa kilicholoweshwa maji. Kilisaidia. Jioni ukikifungua kilikuwa kizito kwa tope, na tope lile lisingekuwa pale lingekuwa ndani yangu.

Kisha ikaja Ramadhani. Miaka ile iliangukia kwenye jilaal, kiangazi chetu kikali cha mwanzo wa mwaka, wakati hata mbwa wa Garissa hawabweki mchana. Nikaingiwa na wasiwasi: kitambaa kibichi mdomoni, maji yakipenya hadi kwenye ulimi, saumu yangu si itaharibika? Nilikwenda kwa sheikh wa msikiti wetu, na kwa kuwa nisingeweza kusema ni mimi, nikamuuliza juu ya mtu fulani ninayemjua.

"Vumbi likimwingia kooni bila kukusudia halimfunguzi," sheikh aliniambia. "Vumbi la njia na la unga limesamehewa. Lakini hayo maji, mwambie ajihadhari nayo."

Nikakivua kitambaa. Ramadhani yote nilichekecha uso wazi, na Ramadhani iliyofuata, na nyingine tena, na kwa kuwa nilishazoea nikawa hata miezi mingine nakisahau. Sheikh hakukosea. Aliulizwa juu ya saumu akajibu juu ya saumu. Ni mimi niliyechukua jibu la saumu nikalifanya jibu la kifua. Nikajiambia kuwa kisichofunguza hakiingii.

Kikohozi kilianza kikavu, cha kujisafisha koo tu, katika mwaka wa tisini na tano. Halafu ikawa siwezi kupanda ukingo wa mto baada ya kuoga bila kusimama. Halafu katika swala, imamu akisimama kutoka sijida mimi bado niko chini, nimejifanya namwomba Mungu kwa kirefu, kumbe nakusanya pumzi. Watu wakaanza kunisifu kwa uchamungu. Nilikonda hadi mifupa ya mabega ikatoboa shati. Ncha za vidole zikavimba na kucha zikajikunja kama za ndege. Sauti yangu, ambayo zamani iliita ngamia kutoka upande wa pili wa bonde, ikawa ya kuitia kuku.

Halima alinipa samli ya moto, akanipa uwatu na asali. Kaka yake, Hassan, alimleta mtu wa kuchoma, naye akanichoma kifuani kwa kijiti cha moto kama tunavyofanya kwa ngamia mgonjwa. Makovu ninayo, yamepangwa vizuri, mtu yule alikuwa fundi. Kikohozi hakikujali.

Niliacha kwenda kwenye kresha, nikasema nyumbani kwamba udalali haulipi. Hapo sasa mnong'ono ukaanza. Kwetu kuna ugonjwa mmoja wa kifua ambao watu hawautaji. Jina lake ni qaaxo, kifua kikuu, lakini utasikia tu "ana kikohozi", na anayesema huinamisha macho. Mwenye qaaxo hutengewa chombo na mkeka, na watu huanza kuhesabu nani kwao aliwahi kuwa nayo, kwani tunaamini inakaa katika damu ya ukoo. Binti wa nyumba yenye qaaxo hukaa sana kwa baba yake.

Na mimi nilikuwa na binti. Sahra alikuwa amemaliza shule ya msingi, anajua kuhesabu haraka kuliko wenye maduka, na kijana mmoja aitwaye Yusuf, mtu wa Banissa, kule kaskazini karibu na Ethiopia, aliyekuwa akiuza vitambaa hapa mjini, alikuwa amempenda naye amempenda. Wazee wa Yusuf walikuja mara ya kwanza wakanywa chai, mambo yakaenda vizuri. Ilibaki waje mara ya pili kufunga maneno.

Hospitali ina benchi refu la mbao linalotazama ukuta wa kijani. Nimelikalia benchi lile hadi nikajua ufa wake unaobana mapaja. Ukikaa pale unajifunza kusogea kila jina likiitwa, kama shanga kwenye tasbihi, na unajifunza kukohoa kwa zamu, kwa sababu mtu akianza wengine nao hushindwa kujizuia. Wanawake walivuta shungi zao puani nilipokaa. Niliinamisha kichwa nikaomba asipite mtu wa ukoo wangu, na kila aliyepita alikuwa wa ukoo wangu.

Daktari alikuwa kijana wa bara, mpole.

"Kazi yako ni nini, mzee?"

"Mifugo, dagitari."

"Umewahi kufanya kazi nyingine yoyote?"

"Hapana. Mimi mtu ya mifugo tu. Ngamia kidogo, mbuzi kidogo."

Nilijibu kama nilivyomjibu kila mtu, bila hata kufikiri. Mfugaji aliyekonda, anakohoa, anatoka jasho usingizini, na picha ya kifua imejaa madoa meupe: ningekuwa yeye, nami ningesema kifua kikuu. Makohozi niliyotema kwenye kikebe hayakuonyesha kitu, lakini hilo hutokea, alisema, na heri kuanza dawa kuliko kungoja.

Kando ya hospitali palikuwa na vibanda vilivyozungushiwa ua wa miiba, ambako wagonjwa wa kifua waliotoka mbali walikaa ili wameze dawa mbele ya nesi kila siku. Mimi sikutoka mbali, lakini niliomba nikae huko. Nyumbani nilikuwa nimeshaanza kuona jinsi mkeka wangu unavyosogezwa. Niliingia mvua za gu zilipoanza, mwezi wa nne, na kila asubuhi nilidungwa sindano kwenye tako mpaka sikujua tena upande gani wa kukalia.

Kulikuwa na rehema ndogondogo. Nesi mmoja hakutangaza ugonjwa wa mtu kwa sauti, alikuita karibu akakwambia. Niliyegawana naye kibanda alikuwa mvushaji wa mtumbwi kutoka Masalani, mcheshi, aliyedai kwamba mamba wa Tana wanamjua kwa jina. Tuliingia siku moja tukiwa mifupa mitupu wote wawili. Mvua zilipokwisha yeye alikuwa na mashavu, anaimba. Aliondoka katikati ya hagaa, miezi ile ya upepo, akiwa amebeba godoro lake kichwani. Nilimfurahia, na nilimwonea wivu hadi nikashindwa kula. Dawa ni ileile, sindano ileile, na mimi nilikuwa nazidi kukauka.

Wazee wa Banissa wakapata habari niko wapi. Hawakuvunja posa, watu wetu hawana haraka ya kukwaruzana. Walituma salamu kuwa watakuja mvua zikinyesha. Mvua zikanyesha, hawakuja. Halima ndiye aliyeniletea habari hiyo, akisimama nje ya ua wa miiba, na hakunilaumu kwa neno lolote. Alisema tu kwamba Sahra ameacha kwenda kisimani na wenzake.

Nilimaliza dawa zote nikarudi nyumbani, nikawekwa kwenye kibanda cha uani. Chakula kililetwa mlangoni. Niliwaelewa, kwa kuwa hata mimi ningefanya hivyo.

Mwaka uliofuata alikuja daktari wa vifua kutoka Nairobi, mama mmoja mtu mzima, na wale ambao dawa haikuwafaa tukaitwa. Nikarudi kwenye benchi langu. Alitokea mlangoni ameshika picha zangu mbili, ya zamani na ya sasa, akaniuliza palepale.

"Mzee Abdullahi, makohozi yako ni safi, na dawa ulimeza vizuri. Mbona picha hii ni mbaya kuliko ya kwanza? Umewahi kufanya kazi ya mawe?"

"Hapana, dagitari. Mifugo."

Na wakati neno lile bado liko mdomoni, mtu akapiga kelele kutoka upande wa pili wa benchi.

"Abdullahi! Haki ya Mungu, uko hai?" Alikuwa Musyoka. Nilimtambua kwa sauti, mwili wake ulikuwa nusu. "Huyu tulikuwa na yeye kwa kresha! Yeye chini kwa chekeche, mimi juu. Kila jioni anaoga kama bibi harusi!" Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, akainama akishika magoti.

Benchi zima lilikuwa limegeuka. Wawili kati yao nilikuwa nikiswali nao. Nilitamani ule ufa wa benchi unimeze. Yule mama hakusema kitu mbele ya watu. Alitushika mkono, mimi na Musyoka, akatuingiza ndani akafunga mlango.

Sitaandika mambo ya udaktari kwa kuwa siyajui, lakini aliyotuambia siku ile nitayasema kama nilivyoyashika. Alisema unga wetu ulikuwa vipande vya jiwe vidogo visivyoonekana, na vikifika chini kabisa ya mapafu havitoki tena. Mwili una askari wake wanaozunguka wakila uchafu. Askari akilila jiwe hawezi kulisaga. Linamuua, anapasuka na kumwaga sumu yake, na mwingine anakuja kulila jiwe lilelile. Hapo nilielewa bila taabu, maana nimeona mbuzi wa mjini wakila mifuko ya plastiki na kufa njaa tumbo likiwa limejaa. Pale askari wanapofia panabaki kovu, na kovu halipitishi hewa.

Kisha akasema jambo la pili, polepole zaidi. Ndani ya kila chembe hai ya mwili kuna maagizo iliyoyarithi, na jiwe pamoja na sumu ile huyakatakata. Mara nyingi chembe hujirekebisha. Mara nyingine hukosea, ikarithisha kosa kwa chembe zitakazotoka kwake, na baada ya miaka kosa hilo huweza kuwa saratani. Ndiyo maana alitaka turudi kupigwa picha kila mwaka, hata tukijisikia wazima.

Kwetu mtoto hufundishwa abtirsi, majina ya baba zake mmoja baada ya mwingine hadi mwanzo wa ukoo, kabla hajajua kumfunga ndama. Akiruka jina moja, amejipeleka kwenye ukoo usio wake. Nikafikiri chembe zangu nazo zinasoma abtirsi yao ndani ya vumbi lile, na huenda baadhi zimeshasahau jina. Jambo hilo lilinitetemesha kuliko habari za makovu.

"Je, ni ya kuambukiza?" nilimuuliza.

"Hata kidogo. Unaweza kula sahani moja na wajukuu wako. Ungetuambia kazi yako tangu mwanzo, baba yangu, usingedungwa sindano zile zote."

Ndugu yangu unayesoma, kama unafanya kazi kwenye kresha, au unachimba kisima kwenye mwamba, au unachonga mawe ya kujengea, ukiulizwa kazi, itaje. Mtaje na mwenye kazi. Lowesha kitambaa chako, na lowesha jiwe lenyewe ukipata maji, na Ramadhani ikifika mweleze sheikh habari yote badala ya nusu. Dawa ya kulitoa vumbi hakuna. Kuna ya kutuliza njia za pumzi, kuna ya kuzuia maradhi mengine yasipande juu yake, na kuna kuondoka kwenye vumbi mapema, ambako ndiko bora kuliko zote. Musyoka aliondoka siku ileile akarudi kwao. Alinipa mkono akaniomba msamaha, nami sikuelewa mara moja kwamba ni kwa kuitaja kazi yangu mbele ya benchi zima.

Na mimi je, nilirudi nyumbani nikasema? Sikusema. Hapa ndipo kalamu inaponilemea. Nilikuwa na habari njema mfukoni, habari ya kumrudishia binti yangu jina lake, na sikuitoa, kwa sababu ili nieleze vumbi lazima nieleze nyundo. Nilijiambia nitasema kesho, na wale wawili wa benchini, kwa adabu ya kwetu, hawakumwambia mtu. Nilikaa katika kile kibanda cha uani nikaacha watu wangu waniogope.

Mvua kubwa za mwisho wa mwaka wa tisini na saba zikaja, barabara zikakatika, na baada ya maji ikaja homa iliyoua mifugo na watu. Unyevu ule ulikuwa mbaya kwangu. Nililala nimekaa, nimeegemea gunia, na kulikuwa na siku nilizoaga dunia kimoyomoyo. Jilaal ilipokausha ardhi nikapata nafuu, malori yakaanza kupita, na salamu zikafika kutoka Banissa. Yusuf alikuwa amekataa msichana mwingine. Wazee wake wanakuja, akiwemo baba yake mdogo, Haji Ibrahim, ambaye neno lake ndilo la mwisho.

Hassan, shemeji yangu, alikuja uani akasimama mbali kidogo.

"Abdullahi, usinichukie," alisema. "Wakikusikia ukikohoa, imekwisha. Kuna lori la kwenda Bura asubuhi. Kaa kule kwa binamu yangu mpaka wafunge maneno. Tutasema umekwenda kwenye mifugo."

Sikumchukia. Alikuwa akisema uongo wangu mwenyewe, kwa adabu ileile. Nilikubali.

Asubuhi Sahra ndiye aliyeleta mfuko wa nguo zangu. Aliuweka chini, hatua kadhaa kutoka nilipokuwa, akasimama ameangalia pembeni.

"Aabe," aliniita, yaani baba. "Wakiniuliza baba yako yuko wapi siku ya posa yako, niseme uko kwenye mifugo?"

"Sema hivyo, mama."

"Mifugo gani, aabe?"

Aligeuka akarudi ndani. Nilichukua mfuko nikaenda kwenye lori, nikakaa juu ya magunia ya sukari, na lori likakaa likingoja abiria mpaka jua likawa kali. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kujitazama. Mwanamume anayetoroka posa ya binti yake, amefichwa kama mbuzi mwenye upele siku ya mnada. Kabla dereva hajawasha, nikashuka.

Kutoka stendi hadi nyumbani ni karibu kwa mtu mwenye afya. Mimi nilisimama kwenye kila kivuli. Nilipofika wageni walikuwa wamekwisha kukaa mkekani, chai imemiminwa, na Hassan alikuwa katikati ya maneno. Aliponiona akanyamaza. Nilitoa salamu, wakaitika, kisha nikashindwa kuongeza neno. Pumzi ilikuwa imekwisha. Nilikaa mbele yao nikihema kama mvukuto, kila mtu akisikiliza.

"Amerudi kutoka kwenye mifugo," Hassan alisema, akijaribu kuniokoa.

"Hassan, mifugo hakuna," nilisema nilipoweza. "Iliisha kwenye ukame. Haji, nisikilize. Watu wamewaambia nina qaaxo. Sina. Nimemeza dawa zake mwaka mzima bure. Nilikuwa nikivunja mawe kwenye kresha, kibarua, miaka minne, na vumbi la mawe ndilo lililo kifuani mwangu. Haliambukizi wala halirithiwi. Binti yangu hana kosa. Aibu yote ni yangu, na kama mnakataa, kataeni kwa ajili ya nyundo, si kwa ajili ya ugonjwa."

Hassan alijifunika uso kwa shali. Nyuma ya pazia, walikokuwa wanawake, mtu aliweka kikombe chini.

Haji Ibrahim alikuwa mzee mfupi mwenye ndevu za hina. Aliniangalia sana.

"Kwa hiyo si qaaxo."

"Wallahi si qaaxo."

Akanywa chai yake. "Leo umeniuliza habari za ngamia wangu, Hassan," alisema, bila kumtazama Hassan. "Nikakwambia wako upande wa Ethiopia. Mimi naswaga punda pale Banissa, nauzia watu maji. Yusuf mwenyewe hajui kama najua kwamba anajua." Mmoja wa wenzake akaanza kutikisika mabega, akashindwa kujizuia, na mkeka wote ukacheka, mimi nikicheka na kukohoa. Si wote, lakini. Mzee mmoja wa upande wangu mwenyewe alimaliza chai, akachukua bakora, akatoka, na hadi leo hanipi mkono. Maneno yalifungwa siku hiyohiyo, na fatiha ikasomwa.

Wageni walipoondoka nilibaki mkekani, nimechoka, na nakiri nilikuwa nimeanza kujiona mtu jasiri. Nilingoja Sahra aje anishukuru. Alikuja. Alisimama mbele yangu, na uso wake haukuwa wa shukrani.

"Tangu lini unajua kwamba si qaaxo?"

Nikamwambia. Kabla ya mvua kubwa.

"Kabla ya mvua," alisema. "Aabe, mimi nilikuwa nikikuletea chakula nabana pumzi. Kila siku. Navuta hewa huku jikoni, nakimbia nayo mpaka mlangoni kwako, naweka sahani, narudi ndiyo nahema. Usiku wa mafuriko ulipokuwa unakata roho, ulimwita hooyo, mama yangu, ukaniita na mimi, nikasimama nje nimejiziba mdomo, sikuingia. Nimekuwa nikijichukia kwa usiku huo. Na wewe ulikuwa unajua."

Ile aibu ya nyundo niliyoibeba miaka yote iliniondoka pale mkekani nikaiona ilivyokuwa ndogo, kwa sababu hii nyingine ilikuwa imechukua mahali pake.

Sahra alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya shungi. Kisha akaketi kando yangu, bega lake likagusa langu, kama alivyokuwa akiketi alipokuwa mdogo. Kikohozi kikanipanda. Nilijaribu kugeuka upande mwingine, akanishika mkono nisigeuke. Nikakohoa, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka, na yeye hakusogea.